KAZI INAPOBADILIKA: MSAIDIE MFANYAKAZI, ILINDE NA NYUMBA YAKE

Mada: Mabadiliko kazini na afya ya familia
Walengwa: Akina mama na walezi walioajiriwa, walioajiri, au wanaoishi na mtu aliyeajiriwa

(Muziki wa kipindi. Ushuke polepole.)

Mama uliye jikoni, uliye dukani, na wewe unayembembeleza mtoto, vuta kiti ukae. Mazungumzo ya leo yanakuhusu.

Hebu tuanze na jambo ambalo huenda umewahi kuliona. Ni saa kumi na mbili jioni. Mtu wa nyumba yako ameingia kutoka kazini. Leo hakusalimu. Ameweka mkoba chini, akaketi, akatazama ukuta. Mtoto akimkimbilia, anamsukuma kando. Chakula anakigusagusa tu. Unamuuliza, "Kuna nini?" Anakujibu, "Hakuna." Usiku unamsikia akigeuka huku na huku. Siku tatu baadaye ndipo inapotoka: kazini kumebandikwa karatasi ukutani. Kuanzia mwezi ujao kutakuwa na zamu za usiku. Au mashine mpya zinakuja. Au idara mbili zinaunganishwa kuwa moja, na hakuna ajuaye nani atabaki.

Pengine aliyeingia nyumbani jioni hiyo ni wewe mwenyewe.

Huenda ukauliza, jambo la ofisi na kiwanda linaingiaje katika kipindi cha afya? Linaingia hivi: zamu ikibadilika, maziwa ya mtoto hubadilika, usingizi hubadilika, saa ya kumeza dawa hubadilika, na siku ya kliniki hukosekana. Hofu ya kazi huleta kuumwa na kichwa, kukosa usingizi, na wakati mwingine kelele na kipigo kwa watoto. Karatasi iliyobandikwa ukutani kazini hufika hadi kitandani kwa mtoto wako.

KWA NINI MABADILIKO HUUMA?

Watu wengi husema, "Huyu ni mkaidi, hataki mambo mapya." Mara nyingi si kweli. Mtu huyo huyo alinunua simu mpya, akajifunza kuitumia. Alihama nyumba. Alizaa mtoto, na hakuna mabadiliko makubwa kuliko hayo. Kinachomuuma si upya wa jambo. Kinachomuuma ni kile anachokipoteza. Basi ukitaka kumsaidia, jiulize kwanza: anapoteza nini?

Anaweza kupoteza wakati wake. Mama aliyekuwa akifika nyumbani saa kumi na moja sasa atafika saa tatu usiku, mtoto keshalala.

Anaweza kupoteza ujuzi wake. Kwa miaka kumi yeye ndiye aliyeulizwa na wenzake. Leo ameletewa kompyuta, na kijana wa juzi ndiye anayemfundisha.

Anaweza kupoteza wenzake. Wale aliokula nao chakula cha mchana, aliochanga nao chama, wamepelekwa tawi jingine.

Anaweza kupoteza heshima au cheo. Na anaweza kupoteza pesa, na hapo karo, kodi na unga vyote vinatikisika.

Mtu aliyepoteza kitu hupita njia ya mtu aliyefiwa, ingawa kwa kiasi kidogo. Kwanza hukataa: "Haya mambo hayatafika kwetu." Kisha hukasirika. Halafu hunyamaza na kujikunja. Baadaye huanza kujaribu kidogo kidogo, mpaka siku moja anazoea. Si lazima apite kwa mpangilio huo. Leo anacheka na mashine mpya, kesho analia. Usimwambie, "Si jana ulikuwa umeshazoea?" Mpe muda.

MFANO AMBAO SOTE TUMEUONA

Tuchukue mabadiliko ambayo wengi wenu mmeyashuhudia mlangoni kwenu. Tangu mkakati wa afya ya jamii uzinduliwe nchini Kenya mwaka 2006, kumekuwa na akina mama na akina baba wanaotembea nyumba hadi nyumba kutuelimisha. Kwa miaka mingi walikuwa wa kujitolea. Waliandika taarifa zetu kwa kalamu katika vitabu vikubwa vya karatasi: nani mjamzito, mtoto gani hajachanjwa, nyumba ipi haina choo.

Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango mpya. Wahudumu wapatao 100,000 walipewa jina jipya, lile la CHP mnalolisikia siku hizi, pamoja na mkoba wa vifaa: mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mzani, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Walipangiwa malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti. Na badala ya vitabu vile, walipewa simu ya kuandikia taarifa.

Ukitazama kwa mbali, utasema hii ni neema tupu. Malipo, vifaa, simu! Lakini tuseme wewe ni mama wa miaka 55 uliyeifanya kazi hii tangu mwanzo. Unazijua nyumba zako zote 100. Unajua mtoto gani alizaliwa usiku wa mvua. Mwandiko wako ni mzuri, na kitabu chako hakina doa. Sasa unapewa simu isiyo na vitufe. Maandishi ni madogo na miwani huna. Ukigusa pabaya, ukurasa mzima unapotea. Kwenye mafunzo, walio vijana wanamaliza upesi na kuanza kuzungumza. Wewe unaona haya kuuliza mara ya tatu. Unarudi nyumbani unajiambia, "Labda wakati wangu umekwisha."

Mama huyu akiacha kazi, nani anapata hasara? Si yeye peke yake. Ni mjamzito wa nyumba ya tano ambaye hatakumbushwa kwenda kliniki. Ni mtoto ambaye mkono wake hautapimwa mpaka utapiamlo umemlemea. Simu inaweza kubaki, lakini aliyejua njia za vichochoroni ameondoka.

Ni nini kingemsaidia mama huyo? Mambo madogo tu. Angeambiwa mapema kwamba simu zinakuja, na kwa sababu gani: taarifa ifike haraka, isikae kitabuni mwezi mzima. Angeambiwa wazi kwamba maarifa yake ya watu bado yanahitajika, na simu ni kalamu mpya tu. Angefundishwa jambo moja kwa wakati. Leo kusajili nyumba, wiki ijayo kumwandika mjamzito. Angepewa mwenzake wa kutembea naye, kijana anayejua simu, naye amfundishe kijana jinsi ya kuzungumza na mama mkwe mkali. Angeruhusiwa kuandika na karatasini pia kwa majuma machache, mpaka mkono uzoee. Na angeulizwa kila wiki, "Wapi pamekukwama?" bila kuchekwa.

Dawa ya mabadiliko yoyote kazini ni hiyo: mwambie mtu mapema, mwambie ukweli, msikilize, mfundishe polepole. Kubadilika atabadilika. Ila asivunjike.

KAMA WEWE NDIWE MSIMAMIZI

Usiseme, "Mimi si mkubwa wa mtu." Kama una wasichana wawili katika saluni yako, wewe ni msimamizi. Kama ni mpishi mkuu wa shule, nesi wa zamu, au mwenyekiti wa chama cha wakulima, kuna watu wanaokutazama usoni asubuhi kujua siku itakuwaje. Fanya hivi:

1. Wewe uwe wa kwanza kuwaambia. Habari ikipitia kwa uvumi, hufika imeongezwa chumvi. Usitangaze Ijumaa jioni kisha ukaondoka. Watu wataibeba hofu hiyo siku mbili, na hakuna wa kumuuliza. Tangaza mwanzoni mwa wiki, uwepo.

2. Sema sababu kwa lugha rahisi. Watu huvumilia jambo gumu wanapolielewa.

3. Usiahidi usilolijua. Kama hujui iwapo kuna atakayeachishwa kazi, usiseme, "Hakuna atakayeguswa." Siku moja akiguswa mmoja, hutaaminiwa tena na waliobaki. Sema: "Hilo bado halijaamuliwa. Nitawaambia Jumatano, hata kama jibu litakuwa kwamba halijaamuliwa." Na Jumatano ikifika, simama mbele yao kama ulivyosema.

4. Zungumza na kila mtu peke yake. Mbele ya wengine mama hawezi kusema, "Nina mtoto wa miezi minne, zamu ya usiku nitaiwezaje?" Muulize mkiwa wawili tu: "Hili litakugusa vipi nyumbani kwako?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

5. Punguza kazi wakati wa kujifunza. Huwezi kumfundisha mtu mashine mpya huku ukimdai kiasi kile kile cha jana. Makosa ya majuma ya kwanza ni sehemu ya mafunzo.

6. Wasikilize wanaopinga. Mara nyingi anayelalamika ndiye anayejua kazi ilivyo. Akisema, "Zamu hiyo ikiisha saa tano usiku hakutakuwa na matatu," hapingi. Anakuonyesha shimo kabla hujalitumbukia.

7. Sifu hatua ndogo, tena mbele ya wenzake.

KAMA KAZI YAKO NDIYO INAYOBADILIKA

Mama, usikae na uvumi kifuani. Mwombe msimamizi wako muda, umuulize maswali haya: Ni nini hasa kinachobadilika? Kuanzia lini? Mshahara na siku zangu za mapumziko vitabaki vilivyo? Nitafundishwa na nani? Nikikwama nimwone nani? Andika majibu pamoja na tarehe.

Ni vizuri pia ujue sheria inasema nini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya mkataba wako ashauriane nawe kwanza, kisha akujulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Inasema upate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Ikitokea kazi zinapunguzwa, sheria hiyo ina masharti. Wewe, au chama chako cha wafanyakazi kama ni mwanachama, pamoja na afisa wa leba, mjulishwe angalau mwezi mmoja mbele, mkielezwa sababu. Mwajiri akichagua wa kuondoka, azingatie muda mtu aliotumikia, ustadi wake na uaminifu wake. Siku za likizo ambazo hukuzichukua zilipwe pesa. Na ulipwe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi. Kama umefanya kazi miaka sita kamili, hiyo ni mishahara ya siku 90. Ukiona mambo hayaendi hivyo, nenda katika ofisi ya leba ya kaunti yako kabla hujatia sahihi karatasi usiyoielewa. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

MAMA ANAYENYONYESHA

Huyu ndiye anayebanwa zaidi, kwa maana likizo ya uzazi ni miezi mitatu yenye mshahara kamili, ilhali mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Akirudi kazini na kukuta mambo yamegeuzwa, mzigo huwa mara mbili.

Kumbuka kwanza kwamba likizo ikiisha, sheria inakupa haki ya kurudi kwenye kazi yako ile ile, au kazi nyingine inayokufaa yenye masharti yasiyo mabaya kuliko ya kwanza. Pili, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na wampe mama muda wa kufanya hivyo, usiozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi. Choo si mahali pa kukamulia maziwa. Zungumza na mwajiri kabla ya kurudi, si siku unaporudi na kifua kimejaa.

Anza kukamua nyumbani wiki mbili kabla. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia chombo safi chenye kifuniko. Maziwa yakiwa nje ya friji, mahali penye kivuli, yatumike ndani ya muda wa saa 4. Katika friji yanaweza kukaa hadi siku 4. Usiyachemshe, weka chombo ndani ya maji ya moto kiasi mpaka yapate uvuguvugu. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe safi, polepole. Yatakayobaki baada ya mtoto kunywa yasiwekewe mlo mwingine. Na wewe ukifika nyumbani, mnyonyeshe, hata usiku. Hilo ndilo hufanya maziwa yasikauke.

ZAMU MPYA NA MWILI WAKO

Zamu ya usiku huugeuza mwili. Ukirudi asubuhi usianze kufua. Kula kidogo, funga pazia, zima simu, ulale. Mwili wa mtu mzima unataka saa saba au zaidi za usingizi kwa siku. Acha chai na kahawa saa kadhaa kabla ya kulala. Na tafadhali, ukiwa umechoka kupita kiasi, usijilaze kwenye kochi na mtoto mchanga kifuani. Usingizi ukikuiba, mtoto anaweza kubanwa akakosa pumzi. Mlaze chali mahali pake tambarare.

Kama unameza dawa kila siku, za presha, za kisukari, za kupunguza makali ya virusi vya HIV, au tembe za kupanga uzazi, nenda kituo cha afya kabla zamu haijabadilika. Muulize nesi: "Saa zangu zimegeuka, dawa nimeze saa ngapi?" Usikisie, wala usiruke. Uliza pia kama siku yako ya kliniki, au ya chanjo ya mtoto, inaweza kusogezwa.

NYUMBANI NAKO

Watoto huona kila kitu. Ukinyamaza, hujitungia sababu zao, na mara nyingi hudhani wamekosa. Waambie kwa maneno machache: "Kazi ya mama imebadilika saa. Nitakuwa nikirudi mmelala. Shangazi atawapa chakula, na asubuhi tutakunywa chai pamoja." Kisha hiyo chai ya asubuhi uishike.

Na sasa, mama, nikuulize kwa upole. Saa zako zikibadilika, saa za nani nyingine hubadilika? Za msichana anayekusaidia kazi za nyumbani. Yeye naye ni mfanyakazi, na kwake nyumba yako ndiyo kampuni. Je, ulimketisha ukamweleza, au ulimpigia simu kutoka barabarani ukamwambia, "Leo nachelewa, na itakuwa hivyo kila siku"? Lile lililokuuma wewe kwa karatasi ya ukutani, usimfanyie yeye. Mweleze mapema. Muulize analionaje. Mkubaliane juu ya muda wake wa kupumzika, siku yake ya wiki, na nyongeza kama kazi imeongezeka. Ukumbuke kwamba mtoto wako anashinda mikononi mwa mtu huyo. Akiwa na uchungu moyoni, anayeubeba ni mtoto.

Kama aliyepatwa ni mumeo, dada yako au kijana wako, usianze na mawaidha. Usimwambie, "Si ungesoma ukapata kazi bora." Mpe chakula, kaa karibu naye, umuulize, "Ni kipi kinachokutia hofu zaidi?" Akishasema, shikeni kalamu muandike pamoja matumizi ya nyumba: ya lazima upande huu, yanayoweza kungoja upande ule. Hofu ikiandikwa kwa hesabu, hupungua ukubwa.

DALILI ZA HATARI

Kuhuzunika na kukosa usingizi siku chache ni kawaida. Lakini nenda kituo cha afya ukiona haya yanaendelea kwa majuma mawili au zaidi: usingizi hauji, au unalala mchana kutwa, hamu ya chakula imekwisha, unalia bila sababu, huna furaha hata na vitu ulivyovipenda, pombe imeongezeka, unampiga mtoto kwa jambo dogo kisha unajuta. Mwambie daktari habari zote, usimwambie kichwa tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pima presha pia. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kinahitaji kurudiwa na kufuatiliwa na mhudumu wa afya.

Mtu akisema, "Heri nife," au "Mtakuwa salama bila mimi," usicheke, wala usimkemee. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto akiwa hatarini, piga simu 116. Ukipigwa au kudhulumiwa nyumbani, piga 1195. Zote hazilipishwi.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Swali: Nikiuliza maswali mengi kazini, si nitaonekana mchochezi?

Jibu: Uliza kwa heshima, ukiwa na msimamizi peke yenu, na uulize kuhusu jinsi ya kuifanya kazi vizuri. "Nataka kuifanya vyema, naomba nielezwe hapa." Hakuna mwajiri mwenye busara atakayeudhika. Kama mnaogopa, mwendeeni mkiwa wawili watatu, au mpitie kwa mwakilishi wenu.

Swali: Mimi ni mzee, sijui kompyuta. Naweza kujifunza kweli?

Jibu: Ndiyo. Utachukua muda zaidi kuliko kijana, ni kweli. Jifunze kitu kimoja kila siku, ukiandike hatua kwa hatua kwenye daftari lako, kisha ukirudie mwenyewe bila kushikwa mkono. Anayekufundisha mwambie, "Acha nibonyeze mimi."

Swali: Nimeachishwa kazi, naona haya kuwaambia majirani na chama. Nifanyeje?

Jibu: Anza na mtu mmoja unayemwamini. Aibu hukufungia ndani, na kazi nyingine hupatikana kwa watu wanaojua kwamba unaitafuta. Chama nacho kikijua, kinaweza kukupunguzia mchango kwa muda badala ya kukutoza faini.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Anayepinga mabadiliko mara nyingi anaomboleza kitu. Mtafutie ni kipi.
Habari njema au mbaya, itoke mapema, tena itoke kwako.
Usiahidi usilolijua, taja siku utakayorudi na jibu, uitimize.
Fundisha jambo moja kwa wakati.
Zamu ikibadilika, panga upya maziwa, dawa, kliniki na usingizi.
Msaidizi wako wa nyumbani ni mfanyakazi pia.
Dalili zikizidi majuma mawili, nenda kituo cha afya.

Kazi ya wiki hii: chagua mtu mmoja ambaye kazi yake imebadilika hivi karibuni. Awe mumeo, jirani, nesi wa zahanati au msichana wa nyumbani kwako. Muulize swali moja tu: "Ni nini kilichokuwa chema pale mwanzo ambacho sasa hukipati?" Usimjibu upesi. Msikilize.

Hapo ndipo tunapofika leo. Wewe unayetoka kwenda zamu ya usiku, safiri salama, urudi salama. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)